Karanga za Siku Tatu

Alhamisi ile Chiriku alirudi kutoka shule anatafuna, na mama yake asingemtazama mara mbili kama si karatasi ya karanga aliyokuwa ameishika. Huyu Chiriku ni mtoto wa miaka tisa. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa kuwa mdomo wake haujui siku ya mapumziko. Karatasi yenyewe ilikuwa imeviringwa, ncha chini na mdomo juu, kama wanavyoviringa wauza karanga wote. Ila hii ilikuwa ya rangi ya waridi na dhahabu, na katikati ya mikunjo lilitokeza jicho. Jicho kubwa, lililopakwa wanja, la mungu mke Lakshmi.

"Mama, leo mwalimu kasema..."

"Nipe hiyo!"

Alimpokonya. Karanga zikamwagika sakafuni, Chiriku akaachama, na pale kwenye kigoda karibu na kabati la ibada, bibi yake, Bi Taa, akainua kichwa. Mkononi alikuwa na pamba, anasokota tambi za taa ya jioni.

"Nini hiyo, Bi Harusi?"

Jamani, kuna dakika katika maisha ambazo mtu akipewa tena atazishika kwa mikono miwili. Bi Harusi alipewa yake palepale, akaichezea. Alificha karatasi nyuma ya mgongo, akamtazama mama mkwe wake machoni, akasema, "Karatasi ya daftari tu, Mama. Mtoto anakula uchafu wa barabarani huyu."

"Ya daftari," Bi Taa akarudia, taratibu. Kisha akainamia pamba yake.

Sasa, mtu na akili zake adanganye kwa ajili ya karatasi ya karanga? Ngoja nikueleze nyumba yenyewe ilivyokuwa.

Ilikuwa nyumba ya wachapaji wa kalenda. Mbele mashine, nyuma watu, katikati ukuta mwembamba unaotetemeka mashine ikifanya kazi, hata vikombe vya kabatini vikawa vinagongana kutwa. Walichapa kalenda zenye picha za miungu, zile ambazo Wahindu hutundika dukani na jikoni, na mwaka ukiisha huona vibaya kuzishusha. Kazi ilianzishwa na mume wa Bi Taa. Alipofariki ikashikwa na mwanawe wa pekee, mtu mpole, mwenye wino kwenye kucha na neno moja mdomoni: "Tutaona." Ukimwambia paa linavuja, tutaona. Ukimwambia mtoto anaumwa, tutaona. Bi Harusi alikuwa mke wake mwaka wa kumi na moja huo, lakini mama mkwe aliendelea kumwita Bi Harusi, na mtaa mzima ukafuata, mpaka akakata tamaa ya kuwa kitu kingine.

Na Bi Taa ndiye nyumba yenyewe. Alfajiri, jogoo bado anajikuna, yeye ameshaoga, amevaa sari yake nyeupe ya ujane, amewasha taa ya samli mbele ya kabati la ibada. Mwanga wake ulionekana dirishani, na watu wa dini zote mtaani walikuwa wakiamka kwa taa hiyo kuliko kwa saa zao. Kisha anagonga kikengele, anawaosha miungu wake wadogo wa shaba, anawafuta, anawavisha, huku anawasemesha kama watoto waliogoma kwenda shule. "Haya, Ganesha, geuka. Geuka nikuone sikio. Jana ulinisahau kabisa wewe, magoti yameniuma usiku kucha." Anahesabu majina ya Mungu kwenye shanga zake mia na nane. Anaumwagilia maji mrehani wake mtakatifu kwenye chungu cha uani. Chakula kikiiva, kijiko cha kwanza ni cha kabatini. Mpaka miungu waonje, hata mtoto mchanga atalia kwanza.

Baada ya hapo anakwenda kwenye mashine kukagua sura.

Hapo ndipo palipozaliwa balaa lote. Kila picha ilipita mikononi mwake. Ikiwa rangi nyekundu imetoka nje ya mdomo kidogo, au jicho moja limekaa juu ya jingine, hiyo haiendi kwa mteja. Hata ikiwa nzima, alikuwa akiweza kuiangalia sana, akasema, "Huyu amenuna. Nani atamtazama mungu aliyenuna mwaka mzima? Rudia." Mwanawe anarudia. Na ile iliyokataliwa haitupwi. Karatasi yenye uso wa mungu haikanyagwi, haichomwi na taka, haifungiwi kitu. Inawekwa stoo, na mara moja kwa mwaka inapelekwa mtoni, inakwenda na maji yanayotembea, kwa heshima zote.

Enzi za mume wake, mwaka haukupita bila safari ya mtoni. Tangu afariki, miaka minne, safari ikawa "tutaona". Stoo ikajaa mpaka darini. Bi Harusi alipoona udongo mwekundu wa mchwa umepanda ukutani, ukaingia kwenye rundo la chini, ukanyoosha njia kuelekea karatasi safi za kazi ya mwaka, alimwendea mumewe.

"Baba Chiriku, mchwa watatula sisi wenyewe."

"Tutaona," akasema Baba Chiriku.

Basi akaona yeye.

Wiki mbili kabla ya Alhamisi ile, Bi Taa alialikwa na mpwa wake kwenda kubariki nyumba mpya, siku mbili. Mlangoni alifungua shada la funguo kiunoni, akamkabidhi mkwewe. Miaka kumi na moja hajafanya hivyo hata alipolazwa. "Usiache mlango wa stoo wazi," akasema, "paka wataingia." Bi Harusi alizishika zile funguo, zina joto la mwili wa yule mama, akazigusisha kwenye paji la uso. Nakwambia ili ujue kwamba hakuwa mtu mbaya.

Siku ya pili akamwita mnunuzi wa karatasi chakavu. Kwanza alimhoji kama hakimu. Zinakwenda wapi? Kiwandani, dada. Zinafanywaje? Zinalowekwa kwenye pipa kubwa kuliko nyumba hii, zinayeyuka, zinakuwa uji, zinarudi nyeupe. Zinalowekwa kwenye maji? Kwenye maji. Na hayo maji yamesimama? Yasimame wapi, mashine inayazungusha mchana na usiku!

Bi Harusi akapumua. Maji yanazunguka, kinachozunguka kinatembea, basi ni maji yanayotembea. Ungemuuliza wakati ule angekuapia kwamba amewapeleka miungu mtoni, ila mto wenyewe una paa la bati. Alimsaidia mnunuzi kupakia mkokoteni kwa mikono yake, akihakikisha hakuna anayezikanyaga, na kabla haujaondoka aliweka ua moja juu ya rundo. Stoo akaifagia, akaipiga dawa ya mchwa, akafunga. Bi Taa alirudi, akapokea funguo zake, na kwa kuwa magoti hayakumruhusu kupanda vile vingazi vitatu vya stoo, siku zikapita. Bi Harusi akapanga kumweleza Jumatatu. Jumatatu akapanga Jumatano. Unajua mambo haya yanavyokwenda.

Sasa Lakshmi amerudi, ananukia chumvi.

Alichoogopa Bi Harusi si kugombezwa. Bi Taa hakuwa mgombezi. Miaka sita nyuma mwanawe, kwa kughafilika, aliwahi kufutia mashine karatasi yenye Ganesha. Mama hakupaza sauti. Aliacha kula tu, amwombe Ganesha radhi kwa niaba ya nyumba, na siku ya pili akaokotwa chini kando ya chungu cha mrehani, macho yamegeuka. Ana sukari yule mama. Daktari aliwakusanya wote kitandani, akanyoosha kidole: "Kufunga kwingine kwa namna hii, msiniite mimi. Waiteni watu wa mazishi." Tangu hapo, hata siku za kufunga za dini yake, alikubali kwa shingo upande kunywa maziwa na kula ndizi.

Kwa hiyo hesabu ya Bi Harusi ilikuwa fupi. Mama akijua, atafunga. Akifunga, atakufa. Na nitakuwa nimemuua mimi.

Jioni hiyohiyo alimfuata mnunuzi wa karatasi nyuma ya soko. Akamkuta amekaa juu ya mizani yake anakula muwa.

"Ulisema kiwandani!"

"Nilisema kiwandani, dada, na nilikwenda kiwandani. Wamekataa. Karatasi ya rangi hawaitaki, wino wake hautoki, unawachafulia uji. Sasa nizirudishe kwako? Ulishanifungia mlango." Akatema kapi la muwa. "Wauza karanga wamezigombania. Nzuri sana karatasi zako, ngumu, hazipitishi mafuta."

Ijumaa asubuhi Bi Harusi alipika mapema, akafunika sahani ya mama mkwe mezani, akasema, "Mama, naenda sokoni mara moja." Hiyo mara moja ilimalizika saa kumi na moja jioni.

Mwanamke aliyekuwa hatoki nyumbani akawa kiguu na njia. Soko lilikuwa na wauza karanga zaidi ya aliowahi kuwatambua maishani. Wauza karanga, akili ya mtu haiwi kwao mpaka awe na shida nao. Alianza na yule wa langoni, akamwomba amuuzie karatasi bila karanga.

"Na karanga nizifungie nini, kiganjani?"

"Nitakuletea karatasi nyingine, safi, nyeupe, bure."

"Nyeupe haina picha, mama. Watoto wananunua picha, karanga ni nyongeza."

Ikabidi anunue na karanga zake. Akanunua zilizofungwa zote. Kwa wa pili zote. Wa tatu alipomwona anakuja alishaanza kufunga nyingine haraka haraka, kwa zilezile karatasi, akimchekea. Kufikia adhuhuri wameshampa jina, Mama Karanga, na mmoja akamuuliza mbele za watu kama ni mimba. "Ni mimba, eeh," Bi Harusi akajibu, "ya karanga. Nipe zote."

Akamkuta fundi viatu amembandika Lakshmi mmoja juu ya kichwa chake, kwenye mbao za kibanda. Akamwomba. Fundi akakataa katakata: "Huyu mama kanipendeza. Tangu aje, wateja hawakatiki. Simtoi." Bi Harusi akamtazama Lakshmi, naye ametulia pale juu, hakuna anayemkanyaga, akaona heri amwache. Huyo angalau alikuwa amepata kazi.

Lakini karibu na mfereji wa maji machafu akakuta mwingine chini kwenye tope, na alama ya kandambili usoni. Alipiga magoti palepale. Akampangusa kwa ncha ya sari yake, na kila alipopangusa wino wa waridi ulizidi kutoka, mpaka mdomo ukafutika. Hapo alilia. Alilia kwa sauti, watu wakisimama kumwangalia, na hakujali, kwa sababu mpaka dakika ile alikuwa anamwogopa Bi Taa, na sasa alijiona mwenyewe amefanya kitu kibaya.

Nyumbani aliingilia mlango wa nyuma. Karanga alizimimina kwenye ndoo jikoni, chini ya mfuniko. Karatasi alizinyoosha moja moja, akazifungia ndani ya sari yake nyekundu ya harusi, akaitia kwenye sanduku alilokuja nalo siku ya ndoa. Ndipo akaenda ukumbini.

"Umekula, Mama?"

"Nimeshiba," akasema Bi Taa. Sahani ilikuwa imeshaoshwa, imeegemezwa ukutani. "Ulichelewa."

"Foleni, Mama."

"Sokoni kuna foleni siku hizi?"

"Kuna foleni, ndiyo."

Bi Taa akangoja kidogo, kana kwamba kuna kitu kimebaki mezani hakijaletwa. Kisha akanyoosha mkono kuwasha taa ya jioni. Kiberiti cha kwanza kikazimika. Cha pili kikavunjika. Bi Harusi alikiona hicho, tena kwa macho yake mawili, ila mawazo yake yalikuwa kwa yule muuza karanga wa kona ya samaki ambaye alikuwa ameshafunga kibanda.

Na mezani usiku Chiriku hakusema neno. Aligusa chakula chake kidogo, akasema ameshiba, akamwangalia bibi yake kule kwenye kigoda na sahani yake, akaangalia chini. Chiriku kunyamaza! Nyumba ingekuwa na macho siku ile, mtu angempima homa. Baba yake ndiye pekee aliyesema, "Leo mtoto kimya," akajijibu mwenyewe, "Tutaona."

Jumamosi Bi Harusi hakukaa wala hakusimama. Kabla ya saa mbili alikuwa njiani. Ile kona ya samaki aliimaliza, akaingia vichochoro vya nyuma, akapata karatasi nne kwa mama muuza pilipili, akapata moja kwa mtoto aliyejalidia daftari lake, ikabidi ambadilishie kwa kalenda nzima. Kila akidhani zimekwisha, anaona rangi ya waridi mkononi mwa mpita njia. Kichwa kilimuuma. Alijiambia akizipata zote, leo, kabla ya jioni, basi jambo litakuwa kama halikutokea. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga, lakini hawakusema jinsi anavyoikimbilia.

Saa nane mchana, amesimama kwa muuza karanga anayembania bei, akasikia sauti anayoijua inapasua soko.

"Mamaaa! Mama! Bibi kaanguka!"

Chiriku alikuwa peku, anahema, uso wote machozi.

"Baba yako yuko wapi?"

"Mashine inapiga kelele hasikii, na Bibi kasema nikuite wewe. Wewe tu. Mama, mimi sikutaka, kanilazimisha, kasema nikisema atanikasirikia..."

"Ukisema nini?"

"Kwamba hali! Chakula chake nakula mimi. Tangu juzi usiku, Mama. Mimi nakula na kingine tunampa ng'ombe wa jirani, na yeye anaosha sahani. Dawa anakunywa na maji tu."

Sijui Bi Harusi alifikaje nyumbani. Wanaomjua wanasema alipita katikati ya mafungu ya nyanya za watu.

Bi Taa alikuwa chini, mgongo kwenye kabati la ibada, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto. Jasho limelowanisha sari, midomo myeupe, mikono inatetemeka. Macho yalikuwa wazi na yalimtazama mkwewe tangu mlangoni. Bi Harusi akakimbilia jikoni, akakoroga sukari kwenye maji kwa pupa mpaka nusu ikaishia mezani. Akapiga magoti, akakiweka kichwa cha mama mkwe kwenye mkono wake, akapeleka kijiko mdomoni.

Bi Taa alifunga meno.

"Kunywa, Mama. Ni sukari. Tafadhali."

Kichwa kikatikisika. Hapana.

"Mama, utakufa!"

Hapana. Na yale macho hayakumwachia. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanangoja tu, kama yalivyongoja juzi kwenye kigoda na jana ukumbini, na safari hii Bi Harusi akayaona.

"Nimeuza karatasi," akasema.

Kisha yakatoka yote kwa mkupuo, hayana mpangilio. "Nimeziuza zote, Mama, ulipokwenda kwa mpwa wako, ulinipa funguo nikaziuza, kulikuwa na mchwa, nilidhani kiwandani zitaingia majini, wakazikataa, zimefungiwa karanga soko zima, nimezitafuta siku mbili, zimo kwenye sanduku langu, si zote, moja iliharibika usoni, nimekudanganya, haikuwa ya daftari, Mama, haikuwa ya daftari!"

Mdomo ukafunguka. "Lete," akasema Bi Taa.

Alikunywa kijiko, na cha pili, na glasi nzima. Chiriku alikuwa ameshamvuta baba yake kutoka kwenye mashine. Ilinyamaza, na nyumba nzima ikawa na ukimya ambao hawakuuzoea. Baba Chiriku alisimama mlangoni, mikono yote wino. "Kamlete daktari," mkewe akamwambia, na alipofungua mdomo akamwahi: "Ukisema tutaona nakurushia hii glasi." Alikwenda mbio, tena bila viatu.

Rangi ilirudi polepole usoni kwa Bi Taa. Bi Harusi alimsogezea mto. Alipohakikisha anapumua sawasawa, ile hofu yote ikageuka, ikawa hasira, nayo hakuimeza.

"Ulijua."

"Tangu siku niliyorudi. Stoo ilinukia dawa badala ya wino. Nikasema, mwenyewe ataniambia. Alhamisi ukanitazama machoni, ukasema ya daftari." Alipumua. "Karatasi ningelia, nikaomba radhi, yakaisha. Lakini ule uongo ulinichoma. Nikaweka nadhiri mbele ya hawa," akaelekeza kidole kabatini, "kwamba sili mpaka Bi Harusi aseme kwa mdomo wake. Nilidhani ni chakula cha usiku mmoja. Nani alijua una kichwa kigumu hivi?"

"Na ungekufa? Ungekufa ukaniachia mimi lawama? Mtoto wangu umemfundisha kunificha, Mama. Ningeishije?"

Bi Taa alivuta ncha ya sari, akajifuta shingo. "Hilo sikuliwaza," akasema. "Nilikuwa na hasira. Hilo nitawaomba radhi hawa wa kabatini, na wewe pia."

Wakakaa hapo chini, bega kwa bega, kama watu wanaongoja gari ambalo limeshapita. Baadaye yule mama akauliza:

"Hayo maji ya kiwandani. Walikwambia yanazunguka?"

"Mchana na usiku, Mama."

"Ndivyo walivyomwambia na baba mkwe wako. Mwaka wa kwanza wa mashine. Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimwambia maji yanayozunguka ni maji yanayotembea. Akaenda na gari zima, wakamrudisha getini. Karatasi ya rangi hawachukui." Akamgeukia. "Ungeniuliza, ningekwambia. Mbona hukuniuliza?"

Bi Harusi alimtazama. Miaka kumi na moja alikuwa akimwogopa mtu mwenye wazo lilelile kichwani. Alitaka kucheka, yakatoka machozi.

"Na wewe, Mama? Siku tatu unanitazama naingia na kutoka. Mbona na wewe hukuniuliza?"

Mashine ilikuwa imezimwa, vikombe vimetulia. Bi Taa alipeleka mkono kiunoni, si kwa funguo, kujishika tumbo tu.

"Nina njaa," akasema.

"Nikupikie nini?"

"Kitakachoiva upesi."

Bi Harusi akaenda jikoni. Hapakuwa na kitu kilicho tayari ila ndoo. Akafunua mfuniko, akachota karanga mikono miwili, akazitwanga kwenye kinu mpaka zikawa laini kwa mtu mwenye meno machache, akatia sukari na maziwa ya moto. Kijiko cha kwanza alikipeleka kabatini mwenyewe, akagonga kikengele, huku Bi Taa anamwangalia kutoka chini bila kumsahihisha. Cha pili akampelekea yeye.

Bi Taa alitafuna kwa muda mrefu.

"Ziko nyingi?" akauliza.

"Ndoo nzima, Mama. Na bado kuna muuza karanga mmoja sijamfikia, yule wa karibu na kituo cha mafuta."

"Daktari akiniruhusu, kesho tutakwenda wote," Bi Taa akasema, na akafungua mdomo kungoja kijiko kingine.